Mjukuu Anayesinzia Titini

Iwawa, Makete
12 Juni 2024

Kwa mkwe wangu mpendwa, mama Halfan,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetupa mjukuu mmoja sisi wawili. Hujambo mkwe? Ule mgongo uliokuwa unakusumbua siku mlipokuja kumchukua mwali umepata nafuu? Sisi huku ni wazima. Baba Irine anakohoa kidogo kwa sababu ya baridi. Asubuhi tunakuta majani ya viazi yamekuwa meupe kwa barafu, lakini tunapumua na tunakula, Bwana asifiwe.

Usishangae kupata barua wakati simu zipo. Simu ya nyumba hii ni moja, inakaa mfukoni mwa baba Irine, na yeye hajui kuongea na simu ikiwa sikioni. Anaiweka sauti ya wazi katikati ya uwanja, mpaka majirani wanaitikia salamu zisizo zao. Mambo ya uzazi siyo ya kuongea hivyo. Kwa hiyo nimemwomba konda wa basi la asubuhi akuletee barua hii pamoja na gunia la viazi. Ndani ya mfuko mweupe kuna nguo za mtoto: sweta mbili za sufu, kofia, soksi za miguu na za mikono. Nimefuma mwenyewe.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kuandika. Halfan alipopiga simu kumwambia baba Irine kwamba mtoto amekuja mapema kidogo, mwenzangu alishangilia, mimi nikaanza kuhesabu miezi. Kidogo ni kiasi gani, mkwe? Kucha zimefika mwisho wa vidole? Masikio yamesimama au bado yamelala? Analia kwa sauti gani? Na kunyonya, ananyonyaje? Irine nikimuuliza kwenye simu anasema tu, "Mzima, mama," kisha analeta habari za hali ya hewa.

Najua yuko kwenye mikono mizuri. Nauliza tu kwa sababu sijamwona, na macho yasiyoona yanauliza sana. Naomba unijibu.

Mimi mkweo,
Telesia, mama Irine


Makambako
19 Juni 2024

Kwa mkwe wangu mama Irine,

Asalam aleikum, na kwa kuwa watu wa sokoni hapa wameshanifundisha, kamwene pia. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mgongo wangu upo, mimi nipo, tunavumiliana. Upepo wa Makambako msimu huu unataka kunibebea meza nzima ya vyombo. Juzi umeondoka na beseni mpaka kwa wauza mbao, nikalikimbilia huku nimeshika ushungi. Mtu wa Lindi kama mimi miaka yote hii bado sijaizoea baridi yenu.

Viazi vimefika, ahsante sana. Konda alikuwa na sura ya mtu aliyejikaangia vichache njiani, lakini gunia lilikuwa bado limejaa, basi nikamsamehe. Nguo ni nzuri mno. Anifa, jirani yangu, kaniuliza zimenunuliwa duka gani, nikamwambia duka hilo liko Iwawa na halina tawi.

Mtoto ni mzuri, mkwe. Daktari alisema amewahi kama mwezi mmoja hivi, lakini huyu si njiti. Njiti nimewaona mimi, wale wa kukaa kwenye kiganja. Huyu ana kilo mbili na nusu kasoro kidogo, kucha zipo, nywele zipo, masikio yamesimama, na shavu la kubana lipo. Tumemwita Abdulatif, jina la marehemu babu yake. Tena ni mpole ajabu. Halii. Wageni wanaingia, wanazungumza, wanacheka, yeye amelala tu na sweta lake. Mmoja kasema, "Mtoto gani huyu, ametulia kama mzee anayesikiliza hotuba ya Ijumaa!"

Kunyonya ananyonya.

Njoo umwone basi. Arobaini haiko mbali, na mzazi wa kwanza anamtaka mama yake karibu. Chumba kipo, blanketi zipo. Niandikie unakuja lini.

Mkweo,
Somoe


Iwawa
27 Juni 2024

Mkwe wangu mama Halfan,

Salamu nyingi katika Bwana. Nimefurahi kusikia mgongo na wewe mnavumiliana. Huku kikohozi cha baba Irine kimehamia kifuani, nimempa tangawizi, anakunywa huku ananung'unika. Hosea wa jirani kaoa. Mvua hakuna, ni ukungu tu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Umeniandikia vizuri habari za konda na za beseni, nikacheka peke yangu jikoni. Lakini kuhusu kunyonya umeandika maneno mawili, na yote mawili yanafanana. Ndiyo maana nauliza tena.

Nitakwambia ninachowaza, unisamehe kama ni mawazo ya mkulima. Sisi huku wakati mwingine tunachimba viazi kabla ya wakati, kwa mfano mtu anapohitaji mboga haraka. Ukivitazama ni viazi kabisa, umbo lote liko. Lakini ukipitisha kidole gumba, ganda linabanduka. Ukivijaza kwenye gunia vikasafiri, vinafika vimechubuka, wakati vile vilivyoongezewa siku chache ardhini vinafika vizima. Kwa macho havina tofauti. Sasa namfikiria mjukuu wetu mwenye shavu la kubana, najiuliza: ni kipi ndani yake ambacho bado hakijakomaa na hatukioni?

Na huo upole wake, mkwe, mimi unanipa mashaka. Ndama anayelala sana siku za kwanza hatumsifu, tunamwinua tumpeleke kwa mama yake.

Fanya hivi, kama hutaona ninakuingilia nyumbani kwako. Kaa karibu naye anaponyonya, utege sikio. Unasikia akimeza? Akiachia, titi limelegea au bado limejaa? Na nepi zake, zinalowa kweli?

Kuhusu kuja, nashukuru sana. Viazi bado vingi havijatoka ardhini, kwaya ya akina mama ina semina, na kikohozi hiki nacho. Tutaona Mungu atakavyojalia.

Nijibu mapema.

Telesia


Makambako
6 Julai 2024

Mkwe wangu,

Asalam aleikum. Natumaini baba Irine kifua kimefunguka. Sisi tumetoka hospitali Jumanne, na leo nimefunga meza mapema nikuandikie vizuri, maana barua iliyopita sikukuandikia vizuri. Nilikuwa sitaki kukutia hofu ukiwa mbali. Sasa nakwambia yote.

Ulipoandika nitege sikio, nilitega. Irine alikuwa kitandani, nikakaa kwenye kigoda kama ninakunja nguo. Mtoto anashika titi vizuri tu. Anavuta mara chache, nasikia anameza, halafu anatulia. Titi liko mdomoni, macho yamefungwa. Amelala! Sisi wote nyumba nzima tulikuwa tunasema, ameshiba huyo, mlazeni. Nikagusa kifua cha Irine juu ya nguo, bado kigumu. Nepi ilikuwa kavu tangu asubuhi. Nikampeleka mtoto mlangoni kwenye mwanga, nikaona macho yana umanjano.

Hatukungoja. Kufika, wakampima, uzito umeshuka chini ya ule aliozaliwa nao. Wakamweka chini ya taa ya bluu ya kutoa manjano, amefungwa kitambaa machoni, na Irine akawa anakaa benchi la nje akingoja aitwe. Mkwe, mtoto wako alikaa pale na kifua kimevimba na mikono haina mtu wa kumshika. Nilikaa naye.

Kuna nesi pale anaitwa Hosiana, msichana mwenye sauti ya kukemea lakini moyo mzuri. Nikamuuliza kama ulivyoniuliza wewe.

"Nesi, huyu mtoto mbona umbo lake limetimia?"

"Umbo limetimia, bibi. Nguvu ndiyo bado. Kunyonya ni kazi. Avute, ameze, apumue, vyote kwa zamu bila kukosea. Huyu anafanya kidogo anachoka, analala kabla hajashiba."

"Sasa mbona halii kama ana njaa?"

"Kulia nako kunataka nguvu."

Mkwe, sisi tulikuwa tunamsifu kwa upole!

Akanieleza na la maziwa. Titi ambalo halimalizwi linaona kama halihitajiki, linapunguza kutengeneza. Kwa hiyo mtoto mchovu anampunguzia mama maziwa, na maziwa yakipungua mtoto anachoka zaidi. Ndiyo maana katuagiza: mtoto aamshwe, asingojewe aamke. Avuliwe nguo za juu, maana akifungwa joto kama kifurushi analala. Anyonye, kisha Irine akamue kwa mkono yanayobaki, tumnyweshe kwa kikombe kidogo, taratibu, ayarambe mwenyewe. Na muda mwingine wote akae kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wanaita kangaruu. Pale hata akisinzia ananusa maziwa, anaanza kutafuta.

Haya. Tumerudi nyumbani. Sasa nisikilize vizuri.

Namuuliza Irine, "Umembeba kifuani?" Ananijibu, "Ndiyo, mama." Naingia chumbani, namkuta kavaa dera mpaka shingoni, mtoto yuko juu ya dera, na sweta, na blanketi. Ni sawa na kuinjika sufuria halafu kati ya sufuria na moto ukaweka meza! Namwambia, "Mwanangu, nesi alisema ngozi." Anainamisha kichwa, "Sawa, mama." Nikitoka nikirudi, dera liko palepale. Na akiwa ananyonyesha nikipita tu, anajifunika, mtoto anaachishwa katikati ya kuvuta, na huyu tukishamwachisha kumwanzisha tena ni kazi ya kutwa. Kukamua anakamua akiwa amejifungia chooni, analeta matone kwenye kikombe. Juzi kaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, labda mimi sina maziwa." Anifa naye yuko mlangoni anashauri maziwa ya ng'ombe.

Tunatakiwa kurudi kupima tarehe kumi na tisa, Ijumaa. Uzito usipopanda, Hosiana kasema mtoto atalazwa.

Irine si mkaidi. Tangu aingie hapa hajanijibu vibaya hata siku moja. Ila kuna kitu nisichokiona. Na wewe mkwe, nikikuita unaniletea viazi na kwaya. Nimejiuliza sana, na leo nauliza waziwazi: ni kwa sababu Irine alisilimu? Ni kwa sababu ya jina Abdulatif? Kama ndiyo, niambie, nitavumilia kulisikia. Nisichoweza ni kumpima huyu mtoto tena ashuke, bila mimi kujua kwa nini.

Nijibu haraka, nakuomba.

Somoe


Iwawa
11 Julai 2024

Mkwe wangu Somoe,

Amani ya Mungu iwe kwako na kwa nyumba yako yote. Baba Irine anaendelea vizuri. Viazi vyote vimetoka. Semina ya kwaya ilishaisha zamani.

Siyo dini, mkwe. Naomba hilo lisikae moyoni mwako hata kidogo. Tulilia Irine alipobadili, sitakudanganya, lakini tulishamaliza kulia. Na Abdulatif ni jina ninalolitaja kwenye maombi kila asubuhi. Nalitamka vibaya, ila Mungu anaelewa.

Sababu ni mila, na nilidhani unaijua. Nilisahau kwamba ninyi mmetoka pwani. Kwetu sisi mama wa mke hawezi kulala kwenye nyumba ya mkwe wake wa kiume. Hatuli sahani moja, hatupeani mkono, hata njiani akinikuta ananipisha mbali. Siku ya harusi Halfan alinyoosha mkono, mimi nikaficha wangu ndani ya kitenge. Wapwa zako walitazamana. Walidhani ni kiburi, kumbe nilikuwa nampa heshima kubwa kuliko zote nilizonazo. Ndiyo maana ukiniambia chumba kipo na blanketi zipo, nakosa cha kujibu. Nilale nyumba anayolala Halfan? Wanawake wa huku wangenitazamaje? Nikaona nikwambie viazi.

Na hilo la dera ni tawi la mti uleule. Irine alipokuwa anaondoka, shangazi yake Flora alimfunda wiki nzima. Nilikuwepo, nimekaa mkekani. Alimwambia hivi: "Ukweni mwili wako ni wa mumeo peke yake. Mama mkwe asione kifua chako, asione goti lako. Akiingia, jifunike kabla hajakaa." Na Irine akaitikia. Sisi wote tulifundwa hivyo, na kwa mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni haina shida: unajifunika kitenge, yeye huko ndani anapigana na titi mpaka anashiba. Huyu wetu hana nguvu za kupigana. Flora hakumfundisha mtoto wa namna hii, maana hakuna aliyewaza atakuja.

Kwa hiyo usimwone anakaidi. Anatii. Anamtii Flora mbele yako, na anakutii wewe kwa maneno, amebanwa katikati na mtoto kifuani.

Mimi siwezi kumfungua kutoka huku. Nikimwambia kwenye simu, baba yake na uwanja mzima watasikia neno kifua, na Irine atazama ardhini. Anayeweza kumfungua ni yule anayemwonea haya, naye ni wewe. Sijui utafanyaje. Nimekwenda shambani, nimepiga magoti kwenye tuta tupu, nimekuombea akili.

Halafu, mkwe, kuna jambo linanizunguka kichwani. Nesi alisema kulia kunataka nguvu. Nimelea watoto sita, na siku zote nilidhani kulia ni udhaifu. Nitamuuliza mchungaji, ingawa sidhani kama anajua.

Niandikie mara tu baada ya Ijumaa. Au kabla.

Telesia


Makambako
20 Julai 2024

Mkwe wangu kipenzi,

Asalam aleikum warahmatullah. Baba Irine msalimu sana. Barua yako niliisomea sokoni, nikacheka mpaka mteja akaweka sahani chini akasema nitarudi baadaye. Halafu nikalia. Ule mkono ulioficha! Miaka miwili nimekuwekea kinyongo kwa ajili ya mkono!

Sasa kaa nikusimulie.

Nilifika nyumbani nikamtuma Halfan sokoni akakae na vyombo. Nikaingia chumbani kwa Irine, nikafunga mlango kwa komeo. Yeye akashtuka, akavuta blanketi.

Nikamwambia, "Irine, mama yako kaniandikia. Najua alichokufunda shangazi Flora. Kakufunda vizuri. Sikulaumu, wala yeye simlaumu."

Akainama.

"Sasa wewe hutaki nione kifua chako. Sawa. Utaona changu."

Mkwe, nilivua dera langu pale pale, nikabaki na kanga kiunoni, na huu mwili wangu wa uzee unaoujua.

"Mama! Jamani, mama!" Akafunika macho kwa viganja.

"Funika tu. Nimezaa watano, sina cha kuficha. Lete mtoto."

Nikamchukua Abdulatif, nikamvua sweta, soksi zote, nikamwachia kofia na nepi kama alivyosema Hosiana. Nikamlaza hapa katikati, nikajitanda kanga juu yake. Alikuwa amelala fofofo. Nikakaa. Kwanza hakuna kitu. Baadaye nikasikia kichwa kinasogea. Kidevu kinagonga. Akafungua mdomo, akaanza kunilamba, anahangaika huku, anahangaika kule, masikini ya Mungu, anagonga mlango wa duka lililofungwa siku nyingi!

"Irine," nikasema, "mjukuu wangu ananidai kitu ambacho sina."

Akaondoa mkono mmoja machoni. Akatazama. Akaanza kucheka, mkwe, kicheko ambacho sijawahi kukisikia humu ndani, cha kushika mbavu. Akawa anacheka na machozi yanatoka. Halafu akanyoosha mikono.

"Nipe mwanangu."

Ndiyo amri ya kwanza aliyowahi kunipa. Nikampa. Akafungua vifungo vya dera mwenyewe, vyote, mbele yangu, akamweka ngozi kwa ngozi, na yule kijana hata hakungoja kuelekezwa. Alivuta, akameza, akavuta, akameza. Akisinzia tunamkuna nyayo, tunambadilishia upande. Alipochoka kabisa, Irine akakamua palepale kitandani, mimi nimeshika kikombe. Sio matone. Kikombe kilifika robo! Nikamnywesha Abdulatif taratibu, anaramba kama paka.

Nikamuuliza, "Ulisema huna maziwa?"

"Nilikuwa nakamua chooni huku nasikiliza kama unakuja, mama. Yalikuwa hayashuki."

Jambo hilo nilimpelekea Hosiana, nikamuuliza, hivi maziwa nayo yana haya? Akasema mama akiwa na hofu au aibu maziwa yanachelewa kushuka, hata kama yamo. Nimeishi miaka hamsini na sita sijui hilo!

Basi tukawa hivyo kila siku, komeo mlangoni, wanawake wawili na kanga. Anifa anagonga, namwambia rudi baadaye tuko kazini. Na jana Ijumaa tumempima. Amepanda, mkwe. Siyo sana, bado yuko kwenye uangalizi, na Hosiana katukazia tusilegee hata siku moja, lakini amepanda na hatulazwi.

Ila mimi nachoka. Kuamka usiku na asubuhi kwenda sokoni, mgongo umeanza kuleta barua zake na yeye. Irine naye anachoka, na nesi anasema mama mchovu na maziwa yake yanachoka. Tunahitaji mikono mingine. Kwa hiyo sikia hoja yangu, na uwapelekee wanawake wa huko waipime.

Nyumba hii si ya Halfan. Aliijenga marehemu mume wangu, ikaandikwa kwa jina langu. Halfan na mkewe wanakaa kwangu. Kwa hiyo ukija, huji kwa mkweo wa kiume. Unakuja kwa Somoe, mwanamke mwenzio, utalala chumbani kwangu, kitanda kimoja. Halfan nimeshamwambia atalala kwa kaka yake Fahadi mtaa wa pili mpaka utakapoondoka, na ameapa atapitia mlango wa nyuma.

Nijibu.

Somoe


Iwawa
22 Julai 2024

Mkwe,

Habari za siku. Wote wazima.

Hoja yako nimeipeleka kwa mama mdogo Ema, ambaye ndiye mkali kuliko wote kwa mambo haya. Alimenya viazi vitatu vizima, kisha akauliza, "Hati ya nyumba ina jina la nani?" Nikamwambia la mama yake kijana. Akasema, "Basi kijana ndiye mgeni. Nenda."

Nakuja keshokutwa Jumatano na basi la asubuhi. Halfan asije stendi, mtume mtu mwingine. Sijawahi kuonyesha kifua changu kwa mwanamke asiye wa tumbo moja na mimi, kwa hiyo siku ya kwanza msinicheke. Irine mwambie nakuja, lakini asinipigie simu kuuliza mengi, baba yake yuko hapa.

Telesia


Makambako
13 Agosti 2024

Kwa mkwe wangu Telesia,

Asalam aleikum, hujambo? Safari ilikuwaje? Baba Irine kakukuta umenenepa au umekonda? Sisi wazima, ila nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke wiki iliyopita. Kitanda changu kina nafasi nisiyoitaka. Halfan amerudi na bado anapitia mlango wa nyuma, kazoea. Nimemwambia mkweo kaondoka, anasema ngoja kwanza.

Irine anakusalimu. Anasema kitambaa cha moto ulichokuwa unamwekea kabla ya kukamua nakiweka moto mno, wewe ulikuwa unajua kipimo. Anasema hivyo mbele yangu, kavu kabisa, kama mtoto niliyemzaa.

Sasa habari yenyewe. Jana tulipima, na leo asubuhi yametokea makubwa.

Kwanza uzito: Hosiana alitazama mizani, akamtoa, akamrudisha, akatazama tena. Akasema, "Huyu sasa muacheni aamke mwenyewe mchana. Usiku endeleeni kidogo." Nikamuuliza, na kikombe je? Akasema, "Atawaambia mwenyewe."

Sikuelewa atatuambiaje. Leo asubuhi nimeketi kwenye kigoda changu, kikombe mkononi, maziwa aliyokamua mama yake nimeyapasha. Nimemkalisha kama kawaida, nikakigusisha kikombe kwenye mdomo wa chini. Akanitazama, mkwe. Macho meupe pe, hayana manjano hata kidogo. Akafunga mdomo. Nikajaribu tena. Akapiga kikombe kwa mkono wake, maziwa yote yakanimwagikia kifuani mpaka kwenye kanga, na hapo akafungua mdomo akalia.

Alilia! Siyo kile kilio cha paka ulichokisikia wewe. Alilia mpaka wauza mbao wa ng'ambo walisimamisha msumeno. Anifa alikuja mbio akidhani kuna msiba. Irine alikuwa uani anafua, ameingia na povu mikononi, hata hakufuta, akaketi, akamtoa mikononi mwangu. Mtoto alishika titi mwenyewe, akanyonya mpaka akaliachia mwenyewe, limelegea, na maziwa yanamtoka pembeni ya mdomo.

Nikabaki pale na kikombe kitupu. Irine akanitazama, akaniambia, "Mama, pole. Umefukuzwa kazi."

Nimekaa uani nikacheka, nikalia, nikamshukuru Mola. Sijui kwenu mnaimba nini siku kama hii, lakini kiimbeni, kwa sauti ya wazi, uwanja mzima usikie.

Kuna jambo moja tunabishana mimi na Irine. Sasa analia kila baada ya muda mfupi, mimi nasema anyonyeshwe kila anapolia, yeye anasema mengine ni deko. Wewe umelea sita. Tujibu mapema, mkwe, tunakungoja.

Mkweo,
Somoe